Mkwe Wangu Amelikimbia Neno la Mungu

Dada Benedicta, Tumsifu Yesu Kristo. Safu yako naisoma kila wiki na leo imefika zamu yangu kukusumbua, maana nilipofikia pamenishinda na mwanangu hasemi nami.

Mie ni mjane, naishi Mabibo na mwanangu wa pekee, Brightson, na mkewe Loveness, wana miaka minne ya ndoa na hawajapata mtoto, mimba zimetoka mbili na ya pili mie mwenyewe ndiye niliyekaa naye hospitali, kwa hiyo asije mtu akasema simpendi. Lakini huyu binti ana tabia zake, Jumamosi analala mpaka jua kali, ukimwambia kitu anajibu "sawa mama" halafu anafanya lake, na mie sipendi kugombana ndani ya nyumba, nikaona afadhali Mungu aseme naye mwenyewe. Kwenye jumuiya yetu mie ndiye ninayeongoza tafakari ya Neno, na kawaida tunasoma somo la Jumapili inayofuata, ila nikawa naliweka kando nachagua linalofaa. Nikaanza na Ruthu, jinsi alivyoshikamana na mama mkwe wake, nikaenda kwa yule mke mwema wa Mithali anayeamka kabla ya wenzake, wanajumuiya wakabarikiwa sana, wengine wakawa wanamtazama Loveness, yeye anamimina chai tu.

Jumamosi iliyopita jumuiya ilikuwa kwetu, nikafundisha habari za Hana aliyekosa mtoto, nikasema Hana hakulala, Hana alikwenda mbele za Bwana akalia mpaka akadhaniwa amelewa, wanawake wa siku hizi machozi yao yanaishia kwenye simu, kisha nikaomba tuiombee nyumba moja isiyo na sauti ya mtoto, na jina sikulitaja, Mungu ni shahidi. Loveness akaweka chupa ya chai chini, akaingia ndani, akatoka na begi. Yuko kwa dada yake Kurasini, aliyepanga na mumewe na watoto. Brightson kaniambia, "Mama, umetuanika mbele za watu. Mwisho wa mwezi nahama, namfuata mke wangu."

Jumamosi hii tumepanga twende jumuiya nzima kumrudisha, tumsomee Neno na kumwimbia. Naomba unichagulie somo la kumlainisha, maana nikimpoteza Brightson sina mwingine.

Mama Brightson, Mabibo

Mama Brightson,

Milele amina. Somo sikuchagulii.

Kwanza nikupongeze kwa kutotaja jina. Watu wamekaa uani kwako, kwenye viti vyako, wanakunywa chai anayoimimina mkwe wako, halafu unaomba kwa ajili ya "nyumba moja". Ulitaka wadhani ni ipi, ya mjumbe wa mtaa? Wapo wanawake wanaovaa kanga yenye maneno na kupita mara tatu mbele ya mlango wa jirani. Hao nawaheshimu kuliko wewe, kwa sababu hawasemi kwamba ni Roho Mtakatifu aliyewachagulia doti.

Tufungue Biblia hiyo hiyo. Habari za Hana ulisoma nusu. Nyumba ile ilikuwa na mwanamke mwingine, Penina, mwenye watoto wake, na kazi yake ilikuwa kumchokoza Hana kwa ajili ya tumbo lake lisilozaa kila walipokwenda kuabudu. Si jikoni wala kisimani, ni walipokwenda kuabudu. Ulihangaika kumtafuta Loveness katika habari ile, hukujitafuta wewe. Umo, mama, tena waziwazi.

Na Ruthu? Maneno yake matamu aliyasema kwa hiari, baada ya Naomi kuwaambia wakwe zake wote wawili warudi kwao, akawabariki na kuwabusu. Orpa akarudi, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba Naomi alimfuata na kwaya.

Lililonichukiza kuliko yote ni hili la hospitali. Ulikaa naye pale. Ulimwona analia, huyu huyu ambaye machozi yake unasema yanaishia kwenye simu. Msiba wake uliujua kuliko mtu yeyote uani pale, ukausimulia kama uvivu. Ningekuwa Loveness, begi ningelifunga siku ile ya Ruthu.

Sasa sikia. Jumuiya nzima huipeleki popote. Dada yake Loveness ana mume, watoto na wapangaji wenzake, hana haja ya kufumaniwa na umati uliokuja kumtazama mdogo wake. Mwenyekiti wa jumuiya mwambie tafakari aongoze mwingine, na msome somo la Jumapili kama wenzenu. Uliyoyasema mbele ya watu, kayafute mbele ya watu hao hao. Sema, "Nilimsema mkwe wangu, nikamsingizia Mungu." Hayo yanatosha, usiongeze sala ndefu.

Brightson mwache aamue atakapoishi, ni mume wa mtu. Wewe nenda Kurasini peke yako, mchana, na Biblia iache nyumbani ipumzike, umeichosha. Kaa pale Loveness atakapokuonyesha, hata kama ni kibarazani, umsikilize mpaka amalize. Atakuuliza kama umekuja kumrudisha. Mjibu kwamba umekuja kuomba msamaha, na kurudi ni juu yake. Kama maneno hayo huwezi kuyasema bila kudanganya, usiende.