Sauti ya Mushtari Niliyokwambia Nimeisikia

Baba,

Leo Alhamisi. Nimekusomea Yasini baada ya Alasiri, nikafunga msahafu, na badala ya kuinuka nimechukua karatasi. Kaka Suleiman ananambia dua inamfikia maiti, barua haimfikii. Labda. Lakini haya siwezi kuyaweka ndani ya dua. Mwenyezi Mungu anayajua tangu mwanzo. Wewe ndiye hukuyajua.

Baba, sikusikia kitu.

Alfajiri ile kule Kiembe Samaki, shambani kwa Ami Juma, uliponivisha visikilizio masikioni ukaniuliza, "Raya, vipi, kuna kitu?" nikakujibu, "Kipo, Baba. Nimekisikia." Hakikuwepo. Palikuwa na mkwaruzo wa radi za mbali, na mtu akisoma habari kwa lugha nisiyoijua. Basi. Nilikudanganya.

Tena ni mimi niliyekuletea jambo lile nyumbani. Nilitoka nalo skuli ninakosomesha, gazeti la sayansi la Kiingereza ambalo mwalimu mkuu alikuwa amemaliza kulisoma, nikakaa nawe dukani Mkunazini nikakufasiria huku ukilehemu redio ya mtu. Nilikusomea kwamba wataalamu wa Marekani walitandaza nyaya uwanjani kusikiliza mawimbi ya redio yanayotoka mbinguni, wakapata kelele wasizozijua. Mwanzo walidhani ni gari bovu la mtu wa shamba linapita njiani. Kumbe ni Mushtari, ile sayari kubwa kuliko zote. Ukaweka chini chuma cha kulehemu. Ukasema, "Sayari inatoa sauti kwenye redio, na mimi nina miaka thalathini kwenye kazi hii sina habari?"

Ukanitaka nikusomee tena na tena pale pale, wanaposema kwamba redio ya kawaida ya mawimbi mafupi inatosha, na waya uliopimwa sawasawa. Ulicheka peke yako kama mtu aliyepata mtoto.

Nakumbuka tulivyoupima ule waya ukumbini, Mama akiruka juu yake na sinia la wali, anatulaani kwa mapenzi. Nakumbuka ulivyonieleza kwa nini mjini haiwezekani, kwamba mafeni na mashine za barafu zinapiga kelele redioni kuliko sayari yoyote. Ndipo tukaanza kwenda kwa Ami Juma. Miti miwili, waya katikati, betri ya gari, na ile redio uliyoiunda mwenyewe kutoka kwa maiti za redio nyengine. Mushtari ilikuwa juu wakati wa alfajiri, nasi tukilala kwa Ami Juma ili tuiwahi.

Majuma sita, Baba. Hakuna kitu. Na wewe kifua kilikuwa kimeshaanza. Umande ulikuwa unakuingia, ukikohoa unageuka upande wa pili nisikuone. Nami nilikuwa nimechoka. Sitaki kujipamba mbele yako, sikudanganya kwa huruma tupu. Nilikuwa na darasa asubuhi, macho yananiwasha, miguu imelowa. Nikajiambia, nikisema nimesikia, tutakunja waya, tutakwenda nyumbani, atapona kifua. Neno moja tu.

Ukasujudu pale pale kwenye majani mabichi. Ulipoinua uso ulikuwa na udongo kwenye paji. Ukafungua daftari lako ukaandika saa, ukaandika na haya: "Imesikiwa na binti yangu Raya." Sijawahi kuona jina langu likiandikwa kwa mkono wenye furaha namna ile.

Ningeweza kukwambia siku ile. Ningeweza kukwambia keshoye, ulipokaa mbele yangu ukanisomea kwa Kiswahili barua ya kupeleka kile chuo cha Uingereza kinachokusanya habari hizo, nami nikaiandika kwa Kiingereza kwa mkono wangu huu. Nilitia nukta, nikatia mikato, nikatia stempu. Uongo wangu niliuandika kwa hati nzuri.

Nilidhani mambo yamekwisha. Juma la pili nikakuona unafunga betri kwenye baiskeli. Nikasema, "Baba, si nshasikia?"

Ukanijibu, "Umesikia wewe. Mimi bado."

Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Neno nililolisema ili ulale ndani ndilo lililokutoa nje. Ukawa unakwenda peke yako, kwa kuwa nilikuwa nimeshaacha kwenda, najificha nyuma ya madaftari ya wanafunzi. Ukirudi unanambia, "Masikio yangu yamechakaa, Raya. Redio za watu zimeyala." Ukimwambia Mama akupashie mafuta ya nazi akutie masikioni. Mtu aliyeweza kugonga taa ya redio kwa ukucha akajua kama nzima au mbovu! Ulikaa ukijihisi kiziwi kwa sababu yangu. Nami nikikuona umeinamisha kichwa kwenye bega la Mama, mafuta yanaingia, na sikufungua mdomo.

Masikio yako yalikuwa mazima. Nakwambia leo. Yalikuwa mazima, Baba. Hakukuwa na cha kusikia.

Halafu masika. Ulirudi umerowa mpaka mifupa, betri umeifunika kwa koti lako. Kichomi. Siku tisa hospitali. Siku ya saba, nilipokuwa nakulisha uji, ukanishika mkono ukasema, "Nielezee tena. Ilikuwaje?"

Nikakueleza. Nikachukua maneno ya lile gazeti nikakupa, kwamba inakuja taratibu, inapanda, inashuka, kama mawimbi yanavyoukokota mchanga. Ukafumba macho. Ukasema, "Kama pwani ya kwetu Makunduchi, maji yanapotoka?"

"Ndiyo, Baba. Hivyo hivyo."

Ukatabasamu. Na hilo ndilo linaloniua. Kama ungekufa na huzuni ningejua pa kujilaumu. Ulikufa umeridhika na kitu ambacho sikuwa nacho nikupe.

Jibu la Uingereza lilifika siku ya hitima yako. Watu wamejaa ukumbini, ubani unawaka, Suleiman ananiita nimsomee bahasha. Wanakushukuru. Wanasema taarifa kutoka nchi za karibu na istiwai, pale katikati ya dunia, ni chache, na yako wameitia kwenye orodha yao. Wanakuomba uendelee. Nikaisoma kwa sauti, Baba, mbele ya wote, kwa sababu walinitazama. Ami Juma alilia. Suleiman akaitia barua fremu ya kioo akaitundika dukani. Watu wakawa wanakuja kuiangalia. Wakikutaja husema marehemu Fundi wa Nyota.

Mwezi wa kumi Warusi walirusha mwezi wa chuma. Huamini, najua. Ni tufe dogo linaloizunguka dunia, lina redio ndani yake. Suleiman aliitafuta sauti yake kwenye redio yako mwenyewe, duka likafurika mpaka njiani. Ikaja. Kip, kip, kip. Mzee mmoja akasema, "Subhanallah, nimeisikia kwa masikio yangu." Na mwengine, na mwengine. Hakuna aliyemuuliza mwenziwe. Kila mtu alikuwa na yake. Nikakimbilia nyuma, kwenye makasha ya taa za redio, nikalia.

Usiku ule ule nikamwambia Mama. Kwanza akasema, "Nyamaza. Maiti hasutwi." Nikamwambia anayesutwa ni mimi. Kisha akaniuliza polepole, "Kwa hivyo alikuwa akitoka na mvua kwa jambo ambalo hukulisikia?" Nikasema ndiyo. Akaondoka akaenda kutandika kitanda ambacho kilikuwa kimeshatandikwa.

Niliandika Uingereza tena. Safari hii hakuna aliyenisomea. Nikawaambia kwamba baba yangu alikuwa mtu mkweli na fundi hodari, na kwamba habari aliyoipeleka niliitunga mimi, waifute. Nilikaa na bahasha siku kumi na moja. Si kwa kuwaogopa wao. Niliogopa kwamba jina lako limefika mahali ambapo hakuna jina la Makunduchi lililowahi kufika, na mimi ndiye nakwenda kulitoa.

Wamelitoa. Jibu lina mistari mitatu. Wameshukuru kwa ukweli wangu.

Suleiman aliitungua fremu bila ya kunitazama. Akasema, "Umemzika mara ya pili." Tangu siku hiyo akija nyumbani anamsalimia Mama, mimi ananipita. Pale ukutani pamebaki mraba mweupe, wateja wanauliza barua iko wapi, naye anawaambia kioo kilivunjika. Anakudanganyia watu kwa ajili yangu. Uongo umeshahamia kwake.

Mama amenisamehe, nadhani. Siku moja alinipikia uji wa ngano nikiwa na homa akanipapasa kichwa. Sijui kama ule ni msamaha au ni umama tu.

Yapo mengi ningekusomea. Wanasema sasa kwamba chuma, hiki hiki cha misumari na cha damu yetu, kilipikwa ndani ya nyota kabla ya dunia kuwepo, nyota zikapasuka zikakimwaga. Nilipolisoma hilo nilifungua mdomo nikuite. Nikaufunga.

Mushtari imerudi alfajiri. Ami Juma hakunikataza, hunifungulia tu mlango akarudi kulala. Redio ni yako, waya ni wako. Na juzi, Baba, nadhani ilikuja. Ilipanda, ikashuka, ikapanda. Nilishika visikilizio kwa mikono miwili. Ilichukua muda wa kusoma Alhamdu mara mbili, ikakatika.

Sijui. Huo ndio msiba wangu mpya. Nimeieleza sauti ile mara nyingi mno bila ya kuisikia, na sasa siwezi kuitenganisha na maneno yangu. Labda ilikuwa Mushtari. Labda ni masikio yangu yamejifunza kusema uongo bila ya mimi. Huko nyuma ningekuvisha wewe visikilizio, nawe ungejua. Hakuna mtu mwengine Unguja hii nzima ninayeweza kumuuliza, na huyo mmoja nimemuua kwa neno moja.

Nimeandika daftarini, chini ya mwandiko wako: "Nimesikia kitu. Sina hakika."

Nakuaga, Baba. Maghribi inaingia na Mama ananiita. Nitakwenda kila alfajiri ambayo sayari iko juu na mvua haijaanza. Pasipokuwa na kitu nitaandika hakuna, hata ikiwa ni miaka. Nitakapokuwa na shaka nitaandika shaka. Na sitamwambia kiumbe yeyote kwamba nimesikia, hata awe mgonjwa, hata anishike mkono, ila nikiwa nimesikia.

Mwenyezi Mungu akulaze pema, akujaalie kuyajua yote uliyotamani kuyajua.

Mimi binti yako niliyekudanganya,

Raya