Msije Kuniokoa

Mdogo wangu fundi saa,

Pokea salamu nyingi, wewe, shemeji, na wale watoto wenu wasiokaa chini. Mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima wa kupitiliza. Humu ndani nikikohoa tu, mke wangu anasimama wima, chai inaletwa.

Haya, nimedanganya. Chai nachemsha mimi, na asipoipenda narudia.

Nasikia dada yetu alifika kwako analia, na Jumapili mnakuja na wajomba kunichukua nihamie kwako. Eti alifungua mlango akanikuta nimepiga magoti namvisha mke wangu viatu, machozi yananitoka, naye amekaa kitini kama jaji. Ni kweli tupu. Ila ngoja nikueleze, na usinicheke mwandiko, unajua shule niliiacha ikiwa bado inanitaka.

Karakanani unanijua: nachomelea mageti, nafoka, vijana wananyooka. Nikifika nyumbani ubosi nauvua mlangoni pamoja na buti. Tangu ujana wetu, mwenye amri ndani ni yeye. Akisema leo hakuna kwenda kucheza karata, siendi, na moyo wangu unatulia. Nami nikisema “basi”, kila kitu kinasimama hapohapo, tunakaa tunaongea. Neno hilo hajalipuuza hata siku moja.

Wewe unadhani mtawala ni yule wa kufoka tu. Hapana, bwana. Yuko anayeamrisha kwa kuwa raha yake ni kutiiwa. Yuko mlezi, anayekupangia mpaka saa ya kulala. Mwingine ni mwalimu, hakuachii mpaka kitanda ukitandike kikatandikika. Mke wangu nimemwona kwa sura zote hizo, na katika kila moja anaijua kazi yake. Baba mkwe wako, na ule ukali wake kwa watu wa nyumbani, hayumo humo, maana yeye hakumuuliza mtu kama anakubali.

Mapafu yaliponilaza mwaka jana, aliacha kuniamrisha kabisa. Aliniogesha, akanilisha, akawa ananiomba hata kugeuka, kama mgeni. Nikajua nimeshachokwa. Nilipomuuliza, alisema mgonjwa hana nguvu ya kusema “basi”, na yeye hamtawali mtu asiyeweza kukataa. Akavumilia hivyo miezi yote. Nilipopona nikamwomba turudie utaratibu wetu wa zamani. Akaniuliza kama nina hakika, akaniuliza tena, kisha akanyoosha mguu akasema: viatu. Ndipo dada akaingia. Yale machozi yalikuwa ya raha, ndugu yangu.

Na sasa lile ambalo sijamwambia mtu. Haya yote niliyaomba mimi, tukiwa wachumba. Yeye alishtuka, akaenda kufikiri, akarudi na masharti yake. Tangu hapo natembea kifua mbele, maana wangapi wamepata mtu wa kukabidhi nafsi zao akazitunza hivi?

Mwenye amri wangu ameisoma barua hii. Ameniamuru nifute matusi mawili, nimefuta moja.

Msalimie shemeji, na wajomba wape pole ya safari isiyokuwepo. Maana nakudai: viboko vya kile kioo cha shule ulichokivunja wewe nilivila mimi. Nilipe basi. Wazuie hao wazee, na umwambie dada siku nyingine apige hodi.

Ni mimi kaka yako,
Fundi Kelele