Kilichowafukuza Nyuki wa Baba

Jumatano, Februari 2009. Kitale.

Jua la leo linachoma utosi, nami nimejifungia kwenye saiba, duka la intaneti, nikiandika kwa hasira. Hasira yenyewe ni yangu, juu yangu mwenyewe.

Asubuhi nilitoka nyumbani, chini ya Kapsokwony, kuja kwa bwana kilimo hapa mjini, nikiwa na kibiriti kilichojaa vijidudu vyeusi vya mgongo mgumu. Niliviokota kwenye mizinga aliyotuachia baba. Tangu mwaka jana nyuki wanahama mzinga mmoja baada ya mwingine, na asali wanayoacha imechacha, inanuka kama machungwa yaliyooza.

Nisidanganye hapa. Sikuja kutafuta dawa. Nilikuja kutafuta ushahidi dhidi ya ndugu yangu Wekesa, aliyekuwa akiitunza mizinga hiyo. Krismasi nilimwambia mbele ya mama na majirani kwamba nyuki wanakimbia harufu ya pombe yake ya chang'aa. Kesho yake akaondoka. Sasa anabeba mizigo ya watu mpakani, Lwakhakha.

Bwana kilimo alimwaga vile vijidudu kwenye karatasi, akavitambua papo hapo. Mbawakawa wa mizinga.

"Masega mkishavuna, mnakamua siku gani?"

Nikajibu kwa maringo kwamba kazi hiyo ni yangu. Nayaweka stoo kwenye ndoo, yakiwa mengi nayakamua mara moja, ndipo napeleka asali soko la Chwele.

"Basi hapo stoo ndio wanazaliana, mama. Wakikomaa wanarudi kwa mizinga."

Stoo yangu iko hatua chache tu kutoka kwenye mizinga.

Ni mimi niliyekuwa nikiwafuga.

Na Wekesa aliniambia! Mara mbili alisema masega yakamuliwe siku ileile. Nikamwambia mlevi hawezi kunifundisha kazi.

Mama amepiga simu sasa hivi. "Wamesema ni nini?"

"Ni wadudu, mama."

"Ati wadudu? Si basi Wekesa arudi!"

Nikasema mtandao ni mbaya, nikakata. Mwoga mkubwa mimi.

Kesho naenda Lwakhakha. Nilimwaibisha mbele ya watu, siwezi kumwomba msamaha kwa simu. Siogopi kwamba atanitukana, hayo nimejitakia. Naogopa atanisamehe hapohapo, achukue nguo zake anifuate. Mizinga yenye nyuki imebaki miwili.

Tukifika nyumbani, nitamwonyesha nini?