Mkate Nilioumega kwa Meno ya Kushoto

Jumatano, 9 Oktoba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zinapepesuka kama walevi. Haidhuru, hata za mkono wa kulia hazikuwahi kusifiwa na mtu.

Jana asubuhi mkate wa tatu ulinitoka mkononi ukaangukia makaa. Miaka thelathini nabandika mikate kwenye kuta za tanuri — haijapata kutokea! Nikamwita mke wangu, Oydin. Ikatoka sauti ya bata. Akasema nimepigwa na upepo, si kila siku natoka tanurini na jasho langu? Jirani ndiye aliyeita gari la wagonjwa. Kabla sijapandishwa, Oydin huyo, mkate mkononi: "Uma, baba Saodat, uma!" Maana kwetu anayesafiri lazima aumege mkate kwa meno, utundikwe ukutani, arudi aumalize mwenyewe. Nikauma, kwa upande uliokuwa bado wangu. Muuguzi akapiga kelele: mama, mtu wa kiharusi hata mate yanampalia! Akanichokoa kipande shavuni kwa kidole.

Lakini mkate umetundikwa. Kwa hiyo kurudi ni lazima.

Alhamisi, 10 Oktoba

Daktari Muhayyo ana umri wa binti yetu Saodat, na ukali wa mama yake. Picha ya kichwa ya siku ya kwanza haikuonyesha kitu. Ya leo imeonyesha: mshipa umeziba. Ndiyo maana, anasema, anatafuta dalili kwenye damu. Ubongo ukiumia, nyuzi zake huvujisha protini, na kidogo hufika damuni. Anataka kujua kama damu inaweza kuwahi kusema hiki ni kiharusi, na nani atapona kiasi gani. Atanitoa damu leo, wiki ijayo na mwezi ujao. Nimekubali. Nimetia sahihi — imefanana na funza.

Ijumaa, 11 Oktoba

Kitanda cha pili yuko Ergash, dereva wa trekta mstaafu, kiharusi cha mguu. Ananiambia mkono wangu umelala kama mkwe aliyekuja kutembea. Na mguu wako je? Eti wake umelala kwa hiari.

Dole gumba limecheza! Au ni mshipa tu.

Jumatano, 16 Oktoba

Jana damu ya pili. Leo majibu. Ningeweza kutouliza. Nimeuliza.

"Daktari, mimi huchomeka kidole kwenye unga uliokandwa. Shimo likirudi polepole, najua mkate utaiva vizuri. Wewe umenichomeka. Shimo limerudi?"

Akacheka. Halafu akaacha kucheka. Kiwango cha ile protini kimepanda, na kimepanda sana. Wengi wa kiwango hicho mkono huchelewa. Wengine haurudi kuwa mkono wa kazi.

"Wengi?"

"Wengi, kaka Hoshim. Sijasema wote. Na kipimo chenyewe bado tunajifunza kukisoma. Kinapima kilichoumia. Utakachokifanya wewe hakikijui."

Nimelia kidogo. Ergash akageukia ukutani.

Alhamisi, 17 Oktoba

Basi. Nimelia jana, inatosha. Mkono wa kubandika mkate ni wa kulia. Wa kushoto hata chai unamwaga. Sina kazi nyingine ninayoijua.

Mpira wa mazoezi wa hospitali unalia kama panya. Nimemwambia Oydin aniletee donge la unga. Kufinya mara mia, kupumzika, mara mia. Mia yenyewe nahesabu kwa uaminifu mpaka sitini hivi. Kufika mchana donge limeumuka, limetambaa shuka nzima! Daktari akaingia. Hii nini?

"Mgonjwa mwenzangu. Yeye kapata nafuu mapema."

Akaandika kitu kwenye faili. Ergash kacheka mpaka mguu wake ukatikisika — akautazama.

Jumapili, 27 Oktoba

Nyumbani. Shemeji ndiye anayebandika. Mikate yake imepinda kama masikio ya punda. Nimemsifu, na Mungu anisamehe.

Mkate wangu uko kwenye msumari, umening'inia kwa uzi, na pengo la meno yangu. Oydin alitaka kuuteremsha: mtu umerudi, ule. Nimekataa. Utateremshwa na mkono uliouangusha ule wa tatu.

"Utakula jiwe," akasema.

"Nitachovya."

Jumatano, 30 Oktoba

Vidole vinapanda ukuta wa ule mkate kama kaa. Vimefika usawa wa bega. Vikaanguka. Tena.

Jumatano, 6 Novemba

Damu ya tatu. Ergash amenipita kwenye korido, ana fimbo. "Mwokaji! Yule mkwe kaondoka?" Bado, nikamwambia, ila ameanza kuamka asubuhi.

Imebaki shubiri moja kufika kwenye mkate. Daktari atapiga simu keshokutwa.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimesimama ukutani. Daftari liko juu ya kabati, wa kushoto unaandika, wa kulia unapanda. Shubiri moja. Nusu. Jasho.

Simu inaita. Oydin kaipokea — ni Daktari, ana namba ya damu ya tatu. Oydin ananitolea macho. Ananyoosha simu. Anauliza: unataka kuisikia au hutaki?

Nataka. Hata ikiwa mbaya, nataka. Lakini kidole cha kati kimegusa ukoko. Mgumu, kweli ni jiwe. Kinaukwaruza. Uzi umecheza.

Nimemwambia Oydin: mwambie asikate, asubiri kidogo, mkono una kazi