Madimbwi ya Mtaa wa Kongo

Ijumaa, jioni. Mvua imekatika, lakini Kariakoo bado ni matope, na moyo wangu haujatulia.

Wasomaji wangu mtakumbuka kwamba Jumanne niliandika hapa, kwa majivuno ambayo leo yananiaibisha, kuhusu toleo la majaribio la zana mpya za michoro. Nilieleza jinsi lilivyouwezesha mchezo wetu wa kompyuta, ule wa msukuma mkokoteni, kuonyesha madimbwi ya Mtaa wa Kongo yakiakisi mabango na mabati kama ya kweli. Mlinipongeza. Sikuwaambia kwamba watengenezaji wenyewe wameonya: toleo hili ni la kujifunzia, lisitumike katika kazi ya kukabidhi.

Mimi nimekabidhi.

Mzee Salim, muuza televisheni, amekubali wateja wake waujaribu mchezo wetu dukani kesho. Ni mara ya kwanza mimi na mwenzangu Neema kupewa nafasi mbele ya watu. Leo, kabla ya sala ya Ijumaa, nilikwenda kuuweka kwenye kompyuta ya duka.

Dukani kwake hakitoki kitu bila kuwashwa mbele ya mnunuzi. Hata balbu huchomekwa kwanza kwenye soketi ya kaunta, iwake, mteja aone kwa macho yake. Kwa hiyo swali lake lilikuwa la kawaida kabisa.

"Umeshaujaribu kwenye mashine kama hii, binti yangu?"

"Ndiyo, Mzee. Mara nyingi."

Sikuwahi. Niliujaribu kwenye kompyuta yangu tu, ambayo ni mpya.

Nilipouwasha, muziki ulisikika, lakini televisheni kubwa iliyounganishwa na kompyuta ilibaki nyeusi tii. Mteja mmoja akauliza, "Dada, mchezo wenyewe unaitwa Mgao wa Umeme?" Watu wakaangua kicheko. Nami, mhitimu wa daraja la kwanza, nikatamka kwa sauti ya kitaalamu kwamba kompyuta ile imeunganishwa vibaya.

Aliyeiunganisha ni Rashidi, fundi wa duka. Alikuwa amesimama papo hapo.

Mzee akamgeukia. "Rashidi, ndiyo nini kuniaibisha mbele ya wageni?"

"Nisamehe, Mzee. Naifungua sasa hivi."

Mchana kutwa aliketi sakafuni na bisibisi, akitafuta ubovu ambao haupo. Nilimmulikia kwa tochi ya simu yangu. Akanishukuru.

Nimerudi nyumbani na kuurejesha mchezo kwenye toleo la zamani la zana zile. Madimbwi sasa ni ya kijivu, hayaakisi chochote, ila mchezo unafunguka hata kwenye kompyuta chakavu ya Neema. Kazi yenyewe haikuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Ningeweza kuifanya pale pale dukani.

Kisha ukaingia ujumbe wa Rashidi: "Dada, nimebadilisha kila kinachobadilika, bado giza. Usihofu. Kesho nitamwambia Mzee kosa ni langu, akupangie siku nyingine."

Nimeusoma mara nne.

Nimeandika jibu, nikalifuta. Uongo niliusema mbele ya watu. Siwezi kuurekebisha kwa ujumbe wa simu.

Duka hufunguliwa saa mbili. Saa moja na nusu nitakuwa mlangoni, kabla Rashidi hajafika kubeba kosa langu. Nitamwambia Mzee Salim ukweli wote. Halafu, akiniruhusu, nitauwasha mchezo mbele ya macho yake, kama balbu, pamoja na madimbwi yake ya kijivu.