Joto la Huku Limebadilika, Papa Sadiki

Papa Sadiki,

Mimi siogopi joto. Mtoto wa Uvira aogope jua? Nilichoma matofali kwa mikono hii kabla ndevu hazijaota, na jua ndilo lilinikimbia. Wasomee hivyo wenzako huko.

Sasa nikueleze ukweli, maana wewe hudanganyiki. Ninaandika nikiwa nimekaa ndani ya beseni la kuogea, nguo zote mwilini, maji yamenifika kiunoni, karatasi iko juu ya kibao cha kukatia mboga. Na nje bado ni asubuhi. Naogopa saa saba itakavyokuwa.

Ulitoroka wakati mzuri, mjanja wewe. Ulikufa kwenye kiangazi kile cha moshi, misitu inaungua, majivu yanaanguka juu ya nguo tulizoanika. Tukakufanyia matanga ya kweli, kanisa likajaa mpaka watu wakasimama nje, hata wale uliowatukana walikuja kula wali wako. Muda kidogo ikaja Corona. Siku hizi ukifa wanahesabu vichwa mlangoni, na kuimba wamekataza. Mimi nizikwe kimya kimya kama paka? Sitaki. Bado sitaki.

Unakumbuka joto tulilolikuta tulipofika hapa Mount Druitt, nchi ya wazungu? Lilikuwa na adabu. Linapiga mchana, jioni upepo wa kusini unaingia ghafla, milango inajibamiza, nasi tunatoka na viti vyetu nje, mashati tumevua, matumbo wazi, tunawacheka wazungu kwamba hawajui joto. Usiku tunajifunika shuka. Siku hizi upepo ule unaishia hukohuko kwa wazungu wa pwani. Ukitufikia, ni usiku mkubwa, nao umechoka kama mtu aliyekosa treni. Ule uwanja wa miti ng'ambo ya barabara wameujaza nyumba zilizobanana, paa nyeusi tupu, na lami. Ukuta wa chumba changu ukiugusa wakati wa kulala, una homa.

Joto limebadilika, sisi hatukubadilika. Wewe uliacha mlango wazi mchana kutwa, nami vilevile. Kwetu nyumba iliyofungwa mchana ni ya mwenye msiba, au ya mchoyo anayekula kuku peke yake. Upepo uingie, tulisema. Kumbe upepo wa mchana wa huku unatoka jangwani. Ndivyo tulivyokukuta: mlango wazi, feni inakupulizia moto, mdomo umeuacha nusu wazi kama mtu anayetaka kunitania. Daktari aliandika moyo. Sawa, moyo. Na huo moyo ulipikwa na nani?

Basi Neema, yule mjukuu wangu anayefanya kazi ya kuogesha wazee wa kizungu, akabandika karatasi ya fedha ya jikoni, ile inayong'aa ya kufungia chakula, kwenye madirisha yangu yote ili jua lirudi lilikotoka. Akaniamuru nisifungue kitu mpaka jua lizame. Nyumba giza saa sita mchana! Najifanyia matanga mwenyewe, tena bila wali.

Na humo gizani, juma lililopita, ukaanza kuniita.

Usikatae. "Kapita!" Nani mwingine ananiita hivyo? Ni wewe uliyenibandika cheo cha msimamizi wa kazi kwa sababu sijawahi kusimamia hata mbuzi. "Kapita, uko nafunga mulango sawa mwizi? Fungua, tuzungumuze."

Mama alinifundisha: sauti ya mtu usiyemwona ikikuita, usiitike. Anayeitika, anafuata. Nikaziba mdomo kwa kiganja. Lakini miguu, Papa Sadiki, miguu haikufundishwa na mama. Ikainuka ikaenda mlangoni. Nilijua umezikwa. Mchanga nilitupa mimi. Nikafungua hata hivyo, maana tangu uondoke hakuna mtu... hakuna anayenitania. Wote wananipa shikamoo na vidonge.

Ule upepo! Kama nimefungua tanuru la matofali. Kuta zikaanza kucheza. Neema alinikuta kizingitini, nusu ndani, nusu nje, ngozi kavu kama ya samaki wa chumvi. Akaniburuta mpaka bafuni, akanimwagia maji viatu vyangu vikiwa bado miguuni, akinigombeza kwa Kiingereza kitupu. Niliokota maneno mawili, la mlango na la mjinga. Kisha akakaa sakafuni akalia, barakoa ya kazini imelowa imemgandama usoni. Huyo mtoto anaona wazee wakifa kazini kwake na anarudi nyumbani macho makavu. Kumwona vile kuliniogopesha kuliko joto lenyewe.

Leo redio imesema joto litalizidi lile la siku ile. Neema yuko kazini mpaka jioni. Niko peke yangu.

Nakuaga basi, ndugu yangu. Pumzika mahali penye kivuli. Nakuahidi mlango utabaki umefungwa, hata majirani wakidhani humu mna maiti, na maji nitakunywa hata kibofu kinitese.

Ila nawe kuna jambo hujanilipa. Lile friji lililotupwa kando ya barabara na watu waliohama, nani alilipandisha ngazi kwa mgongo wake? Wewe ulitangulia juu, mikono mitupu, ukinipigia kelele: "Polepole, Kapita, utalikwaruza!" Mgongo ukaniuma mpaka nikawa natembea kama alama ya kuuliza. Ukaapa kwamba siku nitakayokuomba jambo, utalifanya bila maneno.

Nakuomba leo. Usiniite mchana huu. Funga domo lako mpaka jua lizame, hiyo tu. Na ulimi ukikuwasha kiangazi chote, vumilia mpaka mwezi wa saba, baridi ikiwa imetushika, nami nimejifunika blanketi mbili mpaka masikioni. Hapo ita utakavyo.