Swali Ambalo Sikumuuliza Shahidi

Mpendwa Shangazi, nakuandikia nikiwa na shida ambayo siwezi kumwambia yeyote anayenifahamu. Kuna sauti haitaki kunitoka masikioni, sauti ya kalamu ya hakimu ikikwaruza karatasi. Aliniuliza, "Wakili wa utetezi, una swali kwa shahidi?" nikasema, "Sina, mheshimiwa," naye akaliandika jibu langu.

Huu ni mwaka wangu wa pili katika uwakili. Mteja wangu ni fundi wa kufuli anayeshtakiwa kuvunja duka la dawa, na shahidi wa pekee ni mshonaji wa jirani, aliyesema alimwona kupitia dirisha la chumba chake cha kushonea akitoka kwa mlango wa nyuma wa duka hilo. Sasa asubuhi ile, kabla ya kesi, fundi alikuwa ameniambia, "Dada, muulize dirisha lake linatazama wapi. Linatazama ukuta. Komeo lake nililitia mimi," na mimi badala ya kusikia utetezi nikasikia mwizi, nikajisemea mtu anayejua madirisha yote ya mtaa anayajulia nini, basi nikawa nimeshamhukumu moyoni, nikakaa kwenye kiti changu kama mtazamaji.

Tulipotoka, mwendesha mashtaka alinitania kwenye korido. "Mwenzangu, leo umenipunguzia kazi. Chai juu yangu." Mke wa fundi yeye alinishika mikono yote miwili, akasema, "Asante mwanangu kwa kumpigania," nami nikaitikia, Shangazi, nikaitikia.

Jumamosi nilipita uchochoro wa nyuma ya maduka yale. Dirisha lipo, na mbele yake, umbali wa mkono, kuna ukuta mrefu kuliko mimi.

Hukumu ni Alhamisi ijayo. Nikiomba shahidi aitwe tena itabidi niseme mbele ya watu kwa nini sikuuliza, na mama yangu anawaambia majirani kwamba mwanawe anatetea wanyonge. Nikinyamaza, mtu anaweza kufungwa miaka mitano. Nifanye nini?

Wakili mwenye aibu

*

Binti yangu, nilikupigia simu siku ile ile kwa namba uliyoiacha, maana Alhamisi haisubiri gazeti. Niliyokuambia nayarudia hapa gazetini, wengine nao wasikie.

Pole, lakini sitakubembeleza. Mwendesha mashtaka alifanya kazi yake, alimleta shahidi. Hakimu alifanya yake, aliandika alichosikia. Wewe uliiacha yako ukaenda kujipa ya hakimu, tena bila kusikiliza upande wa pili. Unaniuliza kimoyomoyo, je, kama kweli aliiba? Hilo lina mwenyewe wa kuliamua, na hawezi kuliamua vizuri kama swali limebaki mfukoni mwako.

Tena punguza kuitazama hiyo aibu yako. Aliyelala rumande si wewe. Mama yako na majirani zake watazoea.

Nenda kwanza kwa fundi, umwambie ukweli wote. Akitaka wakili mwingine, mkabidhi faili bila kununa. Akikukubali, andika maombi shahidi aitwe tena, mpe mwendesha mashtaka nakala, na useme wazi kosa ni lako. Na mke wake umwambie pia. Zile shukrani si zako bado.

*

Siku ya tatu baada ya simu yangu, wakili alinitumia ujumbe huu:

Shangazi, nilikwenda rumande. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo uliniona mwizi?" Nikasema ndiyo. "Na sasa?" Nikamwambia sijui, ila swali lako nitaliuliza. Akasema, "Liulize vizuri basi."

Mke wake hakunipa mkono. Maombi nimeyawasilisha leo asubuhi, na aya ya kwanza inasema kwamba wakili wa mshtakiwa aliambiwa swali hilo na mteja wake, akaamua kutoliuliza. Nimetia sahihi.